Pazia la Saa Moja

Adelaide, 6 Machi 1978

Shikamoo Bibi Merle,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na kuku wako, na kwamba goti limeanza kukutii. Sisi huku hatujambo. Kikohozi cha mama kimepoa. Baba alipita Jumapili, akamaliza chupa nzima ya vitunguu vyangu vya siki, akaniambia nimekonda, kisha akaanza tena habari za kile chumba anachotaka uhamie katika nyumba ya wazee karibu naye. Anasema chumba kitakuwa wazi katikati ya Julai na anatakiwa kujibu kabla ya hapo. Nikamwambia, muulize Bibi mwenyewe. Akasema, "Nikimuuliza mama anaongeza sauti ya redio."

Nina shida nyingine, Bibi, ya kazi. Unajua jioni nafundisha wahamiaji Kiingereza. Wanafunzi wangu ni kumi na wanne, wengi wametoka Vietnam. Wiki iliyopita tulifika kwenye maneno look after, yaani kutunza. Kitabu kina sentensi moja tu: nesi anamtunza mgonjwa. Mama mmoja, Bi Tuyet, akanyoosha mkono. "Mwalimu, look ni macho. After ni nyuma, au ni baadaye. Basi anayemtunza mtu anamtazama kwa nyuma? Au anamtazama baadaye, akishakufa?"

Darasa zima likacheka, nami nikabaki na chaki mkononi. Naomba uniandikie sentensi za kweli, kama watu wa huko kwenu Tarrawee wanavyosema kila siku. Wewe hutajua kuandika za kitabu hata ukitaka.

Mjukuu wako,
Tamsin


Tarrawee, 19 Machi 1978

Tamsin,

Barua nimepata. Karatasi haina mistari na maandishi yako yanateremka kama kondoo wanaokwenda kunywa maji. Mimi nilitolewa shule darasa la sita nikakamue ng'ombe, lakini kuandika mstari ulionyooka najua.

Mimi mzima. Tangi la maji limebaki nusu. Mbweha kala kuku mmoja, yule mweusi mvivu, kwa hiyo sikulia. Keki yangu ya chenga za siagi na sukari juu ilikwisha kanisani kabla ya keki ya Beryl, na Beryl aliona. Na usije ukanipigia simu. Simu zote za hapa zinaunganishwa na Beryl pale posta, na Beryl ana masikio marefu kuliko waya zenyewe.

Haya, sentensi zako.

Nilipokuwa na miaka tisa baba yangu alisema, look after wale kondoo. Maana yake, akipotea hata mmoja usirudi kula. Babu yako alipougua nilimuuguza miaka mitatu, nikamgeuza, nikamlisha, nikamnyoa ndevu. Na hapo watu walisema maneno hayohayo mawili, kama vile babu yako ni kondoo. Mwenye bucha akinitilia mfupa wa supu juu ya nyama yangu, natoka nikisema ananitunza vizuri. Hanitunzi, anataka nirudi Ijumaa. Mgeni akiondoka tunamwambia look after yourself, yaani, nenda, mimi nina vyombo vya kuosha. Na zamani kwenye dansi, kijana akimtukana dada wa mtu, kaka mtu angevua koti na kusema, mwacheni huyo, nitamshughulikia mimi. Maneno yaleyale. Na hapo hapakuwa na nesi.

Kwa hiyo mwambie Bi Tuyet kitabu chenu kimeandikwa na mtu ambaye hajafanya kazi.

Lakini hiyo ya kutazama kwa nyuma imenikaa kichwani. Nilikuwa nikimenya viazi nikacheka peke yangu. Sasa sikiliza. Hapa Barabara ya Reli tumebaki nyumba mbili zenye watu, mimi na Clarrie Pym ng'ambo ya barabara, mjane na mgane. Mwaka 1969 Alma Noske alianguka jikoni kwake akakaa sakafuni siku tatu. Taa ilikuwa inawaka. Sisi tulipita pale tukisema, Alma siku hizi anaringa, haitiki. Tulipomzika hakuna aliyeitisha mkutano wala kuandika kitu. Ila kesho yake kila mmoja alianza kupandisha pazia la dirisha la jikoni kabla ya saa moja asubuhi. Lisipopanda hadi saa moja na nusu, wa ng'ambo anavuka. Miaka tisa sasa. Clarrie hajawahi kuniuliza hali yangu, na mimi yake sijui. Tunatazama pazia tu. Hiyo ndiyo look after ya hapa. Weka hiyo ubaoni.

Kuhusu chumba, mwambie baba yako Lyall kwamba mimi nina vyumba vitano na vyote ni vyangu.

Bibi yako,
Merle Hentschke


Adelaide, 2 Aprili 1978

Shikamoo Bibi,

Pole na kuku mweusi. Mama anakusalimu, kikohozi kimerudi lakini si cha kutisha. Nimenunua karatasi yenye mistari, unaiona.

Barua yako niliisoma darasani kwa sauti. Walicheka kwa mwenye bucha, lakini si kwa Alma. Bi Tuyet aliomba niirudie sehemu ya pazia mara mbili. Yeye asubuhi anafanya usafi katika nyumba moja ya wazee hapa mjini, nzuri, ina maua. Anasema kuna ajuza mmoja ambaye kila siku anamwambia, "Wananitunza vizuri sana hapa," na kila akisema hivyo anatazama mlango. Bi Tuyet ana mama yake aliyebaki kwao, na hajui kama kuna mtu wa ng'ambo ya barabara. Aliniuliza maswali mawili, nami nakuletea wewe. Mtu anayetunzwa, yeye kazi yake ni nini? Na huyo Bwana Clarrie, yeye anatunzwa na nani?

Jambo jingine, Bibi, usikasirike. Baba alikutana na mzee Clarrie kwenye maonyesho ya mashine za kuvunia. Mzee alisema pazia lako wiki hiyo lilipanda mara mbili saa mbili na dakika kumi. Alivuka, ukamjibu kupitia dirishani kwamba ulikuwa unasuka nywele. Baba anauliza, ni goti?

Tamsin


Tarrawee, 9 Aprili 1978

Tamsin,

Mzima. Mvua hakuna. Mpe mama yako asali na ndimu, si dawa za chupa.

Huyo Clarrie mdomo wake ni debe. Nilimwendea palepale kwenye nyanya zake. Nikamwambia, "Wewe mzee, tumekubaliana kutazama, hatukukubaliana kutangaza."

Akasema, "Lyall aliniuliza, Merle. Nimdanganye?"

"Ungekohoa! Watu wazima hukohoa!"

Mtu ana haki ya kusuka nywele zake. Pazia langu halitachelewa tena, hata dakika moja, na baba yako atakosa la kuokota. Maswali ya Bi Tuyet sina nafasi nayo leo. Mimi situnzwi na mtu, najitunza mwenyewe, na hiyo nayo ni sentensi, iandike.

Nakutumia keki. Usimpe baba yako.

Merle


Adelaide, 8 Mei 1978

Shikamoo Bibi,

Keki ilifika, ikaliwa, ikashukuriwa. Nilikuandikia tarehe kumi na saba Aprili, na sasa wiki tatu zimepita bila mstari wako hata mmoja. Si kawaida yako. Wewe hujibu hata usipoulizwa.

Nisamehe, nilipiga simu. Beryl alisema, "Merle? Mzima kama kengele! Pazia lake liko juu kila siku kabla ya jua. Na aliondoka na Clarrie kwa gari kwenda mnada wa kondoo, alfajiri, mwanangu, wawili tu mbele!" Nilipomwomba aniunganishe na wewe, simu ililia mpaka ikachoka.

Baba naye amesikia kwamba unaamka kabla ya jua, akasema labda alikosea kuhusu goti. Ilipaswa nifurahi. Niandikie hata mistari miwili.

Tamsin


Tarrawee, 21 Mei 1978

Mpendwa Tamsin,

Bibi yako anasema, ninaandika mimi Clarrie Pym kwa sababu mkono wake wa kulia una hitilafu ndogo. (Umevunjika.) Anauliza habari za mama yako, na anasema kwamba mvua imenyesha kidogo, ngano inapandwa. Anasema tangi limepanda. (Kwa kidole kimoja.) Anasema nisitie maneno yangu. Anasema mkono ulimteguka akichuma matunda ya kwandongi kwa ajili ya jamu. (Miti ya kwandongi haina matunda mwezi huu, mtoto. Mtu yeyote wa hapa anajua.) Anasema yeye ndiye anayeandikisha barua hii, na kama sitaki kuandika anachosema nirudi kwangu. Nimemwambia hana mwandishi mwingine.

Anasema usimwambie Lyall. Amesema mara tatu, mimi nimeandika mara moja.

Sasa amekwenda kutazama chungu. Binti, nimeapa kwamba sitasema, na kiapo ni kiapo. Lakini wewe hukuapa kwamba hutauliza. Muulize habari za pazia.

C. Pym


Adelaide, 28 Mei 1978

Shikamoo Bibi, na shikamoo Mzee Clarrie kama ndiye anayekusomea,

Mama amepona kabisa. Asali ilifanya kazi.

Nitasema langu kwanza ili usiseme nimekuja mikono mitupu. Mwezi wa tatu baba ndiye aliyeniambia nikuandikie. Alisema, "Wewe anakusikiliza. Mchunguze kama bado anaweza kukaa peke yake." Swali la darasa ni la kweli, Bibi, na Bi Tuyet ni wa kweli. Lakini nililitumia kama mlango wa uani. Barua zako zote nimemsomea baba. Ile yenye mabano ya Mzee Clarrie sijamsomea.

Ijumaa darasa liliuliza kama umeandika. Niliwaeleza yote: pazia liko juu kabla ya jua kila siku, mkono umevunjika, hakuna aliyejua. Bi Tuyet aliniomba nirudie hilo la pazia. Kisha akasema, "Mwalimu, labda hakulipandisha asubuhi. Labda jioni hakulishusha."

Ni kweli, Bibi?

Tamsin


Tarrawee, 11 Juni 1978

Tamsin,

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mistari ikiteremka nyamaza.

Ulifikiri sijui! Tangu lini mtu wa chuo akamwuliza mtu wa darasa la sita Kiingereza? Nilijua tangu vitunguu vya siki. Nilijibu kwa sababu swali lilikuwa zuri. Baba yako angeuliza mwenyewe ningemjibu. Ningeongeza redio kwanza, halafu ningemjibu.

Huyo Bi Tuyet ana akili. Ndiyo. Tangu siku ile niliyogombana na Clarrie nililiacha pazia juu usiku na mchana. Goti la asubuhi ni kama bawaba yenye kutu, linataka nusu saa kabla halijakubali kitu. Nikasema, litakaa juu, nami nitalala hadi saa tatu kama malkia, na debe la ng'ambo halitakuwa na la kupiga.

Jumamosi ile, tarehe ishirini na mbili Aprili, jioni, nilikuwa nafuta sakafu. Nikateleza kwenye maji yangu mwenyewe. Mkono ukalia kama kijiti. Nyonga ikakataa. Nikalala pale kati ya jiko na meza, na pazia juu.

Sasa nakuambia neno ambalo hata Clarrie simwambii mara mbili. Jumapili asubuhi alikuja hadi kwenye ngazi za nyuma kuniwekea mayai. Nilisikia viatu vyake. Alipiga mluzi. Akasema, "Merle, mayai!" Mlango ulikuwa hatua nne. Sauti nilikuwa nayo. Nikakaa kimya. Gauni lilikuwa limelowa, na si kwa maji ya kufutia tu. Nikafikiri, akiniona hivi, Julai nitakuwa kwenye kile chumba. Akaweka mayai akaenda zake. Nilisikia lango lake likifunga. Ndipo nilipomkumbuka Alma na taa yake, nikajua Alma naye labda alitusikia tukipita.

Jumatatu Clarrie aliamka saa kumi na moja awahi mnada wa kondoo. Giza totoro. Akawasha gari, taa za gari zikapiga dirisha langu, akaona pazia juu na ndani hakuna taa. Akazima gari. Anasema alikaa kwenye usukani akijiuliza, ni nani anayepandisha pazia gizani bila kuwasha taa? Ndipo akavuka.

Nilitegemea atapiga kelele. Alinifunika kwa koti lake, akachemsha chai, akaketi sakafuni pembeni yangu na magoti yake yale, akaninywesha. Halafu akalitazama pazia, akaniuliza, "Tangu lini, Merle?"

Nikasema, "Wiki mbili."

Akasema, "Wiki mbili nimekuwa natazama ukuta."

Basi. Akanipeleka hospitali ya mji wa pili, ili Beryl asijue. Huko nikasema Clarrie ni kaka yangu. Beryl anaamini tulikwenda mnadani, na kwa anavyotangaza utadhani tumefunga ndoa.

Bi Tuyet aliuliza, anayetunzwa kazi yake ni nini. Nilisema sina nafasi. Sikuwa na jibu, ndiyo ukweli. Jibu ni hili: kazi yake ni kulishusha pazia. Na aliuliza Clarrie anatunzwa na nani. Hilo ndilo lililonichoma zaidi ya nyonga. Zile wiki mbili nilizolala hadi saa tatu, sikutazama ng'ambo hata asubuhi moja. Angeweza kufa, mimi nimelala kama malkia.

Leo mchana nitampigia baba yako simu, nimweleze yote, na mayai pia. Ndiyo, kupitia kwa Beryl. Asikilize vizuri, asije akakosea.

Merle


Tarrawee, 3 Julai 1978

Tamsin mjukuu wangu,

Mkono umefunguliwa, mwembamba kama wa kuku lakini unaandika. Mvua imenyesha siku mbili, tangi linaongea. Ngano ya Clarrie imeota kwenye mstari, ungelia kwa uzuri wake.

Baba yako alikuja Jumamosi na karatasi za kile chumba mfukoni. Nilipompigia simu, aliyekuwa akilia kwenye waya hakuwa yeye wala mimi, alikuwa Beryl. Hapa alikagua nyumba nzima, akatikisa vitasa, akasema, "Mama, mimi nataka tu kukutunza." Nikamwambia alale, tutazungumza asubuhi.

Asubuhi naamka, nasikia mtu jikoni. Lyall, mtoto mzuri, kaamka saa kumi na mbili, kawasha jiko, kaweka birika, na kapandisha pazia. Eti anisaidie! Nikapiga ukelele ambao kondoo waliusikia. "Lishushe! Lishushe hilo!" Akalishusha, macho yamemtoka. Nikamwambia, "Sasa kaa hapo kwenye kiti na usiguse kitu."

Goti likachukua muda wake. Sikulikimbiza. Nimefika na fimbo yangu mlangoni mwa jikoni, saa ya ukutani inasema moja na dakika thelathini na moja, na Clarrie yuko ngazini, amevaa viatu vya kulalia, nywele zimesimama, mayai mkononi. "Merle!" anaita.

"Umechelewa dakika moja," nikamwambia.

"Nilikuwa nasuka nywele," akasema. Ana nywele saba.

Baba yako alitazama saa yake, akamtazama Clarrie, akatazama vile viatu vilivyolowa umande. Akavuta kiti cha pili. Tulikula mayai watu watatu. Alipoondoka alisimama posta kupiga simu, na Beryl anasema (sikumuuliza) aliwaambia wale watu chumba wampe mwingine mwaka huu. Mwaka huu, alisema. Sawa. Mwaka ujao nitaongeza redio.

Mwambie Bi Tuyet nitamtengenezea keki, aje nawe aile huku mkifunga darasa. Vyumba ni vitano. Na mwambie kama anataka kumwandikia mama yake na karatasi haina mistari, mimi sitasema kitu.

Nilitaka kukuandikia sentensi zaidi, nimekumbuka mbili nzuri, lakini nimeinua kichwa sasa hivi. Ni saa moja na dakika ishirini na nane, na pazia la Clarrie bado liko chini. Amelala tu, mzee yule, najua. Naiacha hapa, natafuta fimbo.

Merle